Kuandaa Mazingira ya Kujengea na Kujaribia Programu ya Moduli: Mfano wa Uchanganuzi wa Kitenzi cha Kiswahili

1.0 Utangulizi

Sarufi iliyochapishwa kitabuni humtegemea msomaji wake kwa mengi. Inaposema kwamba vitenzi vya silabi moja huchukua kiambishi -ku- "katika baadhi ya njeo", msomaji aijuaye lugha hujaza mwenyewe njeo zilizosalia, wala hahisi kwamba amejaza lolote. Kompyuta haijazi. Kanuni ikipungua, hukataa neno lililo sahihi. Kanuni ikizidi, huzaa maneno ambayo hakuna Mswahili aliyepata kuyatamka. Kwa sababu hiyo, kuiandika sarufi kwa namna inayoweza kutekelezwa na mashine ni njia mojawapo ya kuihakiki, na pengine ndiyo iliyo kali zaidi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa mazingira ya kujengea na kujaribia programu ndogo inayochanganua kitenzi cha Kiswahili katika mofimu zake. Yanawalenga wanaisimu, na hasa wanafunzi wa shahada za juu, ambao wanaijua sarufi lakini hawakupata mafunzo ya uhandisi wa programu. Hoja inayotetewa ni kwamba mgawanyo wa programu ya aina hii katika moduli ni suala la kiisimu kabla haujawa suala la kiufundi. Mwanaisimu akimwachia fundi augawe, atakuwa amemwachia pia sehemu ya nadharia yake.

Kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu yake kuhusu mofolojia ya ngazi mbili, ambamo umbo la ndani la neno na umbo lake la nje huunganishwa na mtandao wenye idadi maalumu ya hali. Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho, aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya mfumo wake katika Nordic Journal of African Studies. Mfumo mpana zaidi uitwao SALAMA aliueleza mwaka 1999. Watafiti wengi wa Kiswahili wametumia matini zilizochanganuliwa kwa mifumo hiyo. Hata hivyo, kutumia uchanganuzi uliokwisha kufanywa ni jambo moja, na kuweza kuuliza kwa nini neno fulani lilichanganuliwa hivyo ni jambo jingine. Mwanafunzi asiyeweza kuifungua programu na kuibadili hana namna ya kulijibu swali la pili.

2.0 Dhana ya moduli

Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala mafupi kuhusu vigezo vya kuugawa mfumo katika moduli. Mfano alioutumia utawavutia wanaisimu, kwa kuwa ni faharasa inayopanga maneno pamoja na muktadha wake, yaani chombo kile kile ambacho watunga kamusi hukitegemea. Parnas alionyesha njia mbili za kuigawa programu ya faharasa hiyo. Ya kwanza hufuata mfuatano wa kazi: kusoma matini, kuzungusha maneno, kuyapanga kialfabeti, kisha kuchapa. Ya pili huuliza ni maamuzi yapi yanayoelekea kubadilika baadaye, na kila uamuzi wa namna hiyo ukafichwa ndani ya moduli moja. Kwa njia ya kwanza badiliko dogo hulazimu kugusa karibu kila moduli. Kwa njia ya pili hugusa moja tu.

Kitenzi cha Kiswahili kinamshawishi mtu afuate njia ya kwanza. Mofimu zake zimepangwa katika nafasi zinazojulikana: kikanushi, kiima, njeo, kirejeshi, yambwa, mzizi, viambishi vya unyambulishi na kiishio. Ni rahisi kudhani kwamba kila nafasi ni moduli yake. Sehemu ya 4.0 inaonyesha kwa nini dhana hiyo haitoshi.

3.0 Vifaa na mpangilio wa mafaili

Kompyuta yoyote ya kawaida inatosha, hata iliyo kuukuu, na baada ya programu kuwekwa hakuna haja ya intaneti. Vinahitajika vitu vinne. Cha kwanza ni kihariri cha matini tupu. Cha pili ni foma, programu huria iliyoandikwa na Mans Hulden na kutangazwa mwaka 2009, ambayo huzigeuza leksikoni na kanuni kuwa mtandao mmoja. Leksikoni huandikwa katika muundo wa lexc uliotokana na kazi za Xerox, ambao Beesley na Karttunen waliueleza katika kitabu chao cha mwaka 2003. Cha tatu ni make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976, nayo husimamia ujenzi. Cha nne ni git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kwa ajili ya kutunza kumbukumbu ya kila badiliko.

Mafaili yagawanywe katika saraka nne. Saraka ya kwanza, leksikoni, iwe na mizizi na viambishi. Ya pili, kanuni, iwe na vichujio na kanuni za sauti. Ya tatu ni ya majaribio. Ya nne, ambayo inaweza kuitwa zao, ni ya kila kitu kilichozalishwa na mashine. Hii haiingizwi katika kumbukumbu za git, maana kilichomo chaweza kujengwa upya wakati wowote. Mtu akiona anasita kuifuta saraka ya zao, ni dalili kwamba kuna jambo alilolirekebisha kwa mkono humo ndani bila kuliandika panapostahili.

Kazi ya make ni kujua kipi kinategemea kipi. Faili la mizizi likibadilika, mtandao wa leksikoni hujengwa upya, kisha mtandao mkuu, kisha majaribio yote huendeshwa. Kilichobaki huachwa kama kilivyo. Mwanafunzi aonywe mapema kwamba katika faili la make mistari ya amri huanza kwa alama ya tabo wala si kwa nafasi za kawaida. Macho hayaoni tofauti hiyo, na imewapotezea watu wengi saa nzima za asubuhi.

Jambo jingine lisiloonekana kwa macho ni herufi zenyewe. Kiswahili hakina alama nyingi za ziada, lakini kina ng' yenye kidoto cha juu. Programu za kuandikia barua hukigeuza kidoto hicho kiwe alama iliyopinda ya kufungia usemi, na kwa kompyuta "ng'oa" yenye alama iliyonyooka na ile yenye alama iliyopinda ni maneno mawili yasiyohusiana. Hapana budi basi kuwe na moduli ndogo mlangoni, inayozisawazisha alama hizo kabla ya uchanganuzi kuanza, na mafaili yote yahifadhiwe katika usimbaji wa UTF-8. Vivyo hivyo, mafaili yaliyotoka Windows aghalabu huwa na herufi ya ziada mwishoni mwa kila mstari, nayo huweza kuyaangusha majaribio yote kwa pamoja bila neno lolote kuwa na kosa.

4.0 Kiambishi -ku- na mipaka ya moduli

Tuchukue kitenzi -la. Data zifuatazo zinajulikana na kila mzungumzaji:

(1) anakula, alikula, amekula, atakula
(2) akila, akala, hula, hali, hajala, ale
(3) anayekula, asiyekula, alipokula
(4) amemla, amekila

Katika (1) -ku- ipo. Katika (2) haipo. Katika (3) inarudi baada ya kirejeshi. Katika (4) inaondolewa na yambwa. Iwapo programu imegawanywa kwa nafasi, moduli ya njeo italazimika kujua ni mizizi ipi yenye silabi moja, moduli ya kirejeshi itajua hivyo hivyo, na moduli ya yambwa itajua kwamba kuwapo kwake kunafuta kitu kilichowekwa na moduli nyingine. Ujuzi mmoja umetawanyika mahali patatu. Zaidi ya hayo, -si- ya "asile" na -si- ya "asiyekula" ni kiambishi kile kile, ilhali -ku- inaonekana katika neno la pili tu. Orodha ya njeo, iwe ndefu namna gani, haiwezi kulieleza hilo.

Maelezo yaliyozoeleka ni ya mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kuna viambishi visivyoweza kuubeba: -na-, -li-, -me-, -ta- na virejeshi. Viambishi vingine, kama -ki-, -ka-, -ja-, hu- na viambishi vya yambwa, huubeba bila taabu. Hivyo -ku- huingizwa pale ambapo mkazo ungeangukia kiambishi kisichoweza kuubeba. Kwa maelezo haya, data zote nne zinatoka katika kanuni moja, na kanuni moja hukaa katika moduli moja. Leksikoni hutoa mfuatano wa mofimu bila -ku-. Moduli ya -ku- huutazama mfuatano mzima, ikaweka kiambishi panapostahili. Kisha kanuni za sauti hufuata. Kaplan na Kay, katika makala yao ya mwaka 1994, walithibitisha kwamba kanuni zilizopangwa kwa mfuatano zaweza kuunganishwa zikawa mtandao mmoja, kwa hiyo mgawanyo huu hauipunguzii programu kasi.

Mpangilio huu una faida inayoonekana pale maoni yanapotofautiana. Wako wasemao "angekula" na wako wasemao "angela". Mtafiti akitaka kuyakubali yote mawili, anaongeza -nge- katika orodha ya viambishi vinavyoweza kubeba mkazo kwa hiari, na hagusi kitu kingine. Ama vitenzi -enda na -isha, ambavyo vina silabi mbili lakini huruhusu "anakwenda" na "anaenda", "amekwisha" na "ameisha", hivyo huwekewa alama katika leksikoni, kwa kuwa tabia yao haitabiriki kwa mkazo. Mpaka kati ya kinachotabirika na kisichotabirika ndio mpaka kati ya kanuni na leksikoni. Hapa fundi wa kompyuta hana la kusema; ni mwanaisimu peke yake awezaye kuuchora.

Moduli ya -ku- inapaswa pia kuja baada ya unyambulishi. Umbo "analisha" halina -ku- kwa sababu shina -lisha lina silabi mbili. Moduli ikitangulia, ikauona mzizi -l- peke yake, italizaa "anakulisha" kwa maana isiyostahili. Mfano huu unahitaji uangalizi zaidi.

5.0 Majaribio

Kwa kawaida wanafunzi huanza na majaribio ya ndiyo au hapana: maneno sahihi yakubaliwe, maneno yasiyo sahihi yakataliwe. Kwa orodha ya pili wengi wangeandika "*anakulisha". Lakini neno hilo ni sahihi kabisa, likiwa na maana ya kukulisha wewe. Programu yenye kosa lililotajwa hapo juu na programu isiyo na kosa zote zitalikubali. Kinyume chake, "amekula" lina haki ya kupewa chanzi mbili: moja yenye -ku- ya shina, nyingine yenye -ku- ya yambwa, hata kama hii ya pili ni ya kisa cha simba au zimwi. Kwa hiyo jaribio linalofaa kitenzi cha Kiswahili halina budi kuorodhesha chanzi zote zinazotarajiwa, si kukubalika kwa neno tu:

(5) amekula: a+me+KU+l+a, a+me+ku[wewe]+l+a
(6) anakulisha: a+na+ku[wewe]+l+ish+a
(7) hali: ha+a+l+i, hali[nomino], iwapo leksikoni ya nomino imeunganishwa

Foma huja na programu saidizi iitwayo flookup, ambayo husoma neno moja kwa kila mstari na kutoa mstari mmoja kwa kila uchanganuzi. Neno lisilotambuliwa hupewa alama ya +?. Matokeo hayo hulinganishwa na faili la matarajio kwa amri ya diff. Ikiwa hakuna tofauti, diff hainyanyui mdomo, na make huendelea. Ikiwa ipo, ujenzi husimama na mistari yenye tofauti huonekana. Flookup huweza pia kuendeshwa kinyume, ikapewa mofimu na kutoa neno. Majaribio ya upande huu yasipuuzwe: programu inayochanganua "hajibu" vizuri huenda ikazalisha "*hajibi" pia, kwa kuwa kanuni ya kiishio -i cha ukanushi haikuambiwa iviache vitenzi visivyoishia na -a.

Faili la matarajio liandikwe kabla ya kanuni, na liandikwe na mtu aijuaye lugha bila kutazama programu inatoa nini. Kunakili matokeo ya programu na kuyaita matarajio ni udanganyifu wa kimya, hata kama haukukusudiwa. Kila kosa likigunduliwa, neno lililolifichua liongezwe katika faili kabla kosa halijarekebishwa. Na jaribio lililokuwa likifaulu likianguka wiki kadhaa baadaye, git ina amri ya kutafuta badiliko lililoliangusha kwa kuigawa historia katikati kila mara. Hata kwa mabadiliko 1,000, hatua kumi hivi zinatosha, mradi kila badiliko lilihifadhiwa peke yake na maelezo yake.

6.0 Mpaka wa uwezo wa majaribio: suala la l

Yapo masuala ambayo majaribio huyaanika lakini hayayaamui. Mfano mzuri ni l inayojitokeza katika nunua/nunulia, toa/tolea, pokea/pokelea. Maelezo ya kwanza husema l imo ndani ya mzizi, nunul-, nayo hudondoshwa mbele ya kiishio. Maelezo ya pili husema mzizi ni nunu-, na l huchopekwa kati ya irabu ya mzizi na kiambishi cha kutendea au kutendwa. Historia ya Kibantu inayaunga mkono maelezo ya kwanza, kwani lugha nyingi za jamii hiyo bado zina l mahali hapo.

Kanuni ya kudondosha ikiandikwa bila tahadhari, jaribio la kwanza huiangusha: "lala" huwa "*laa" na "tawala" huwa "*tawaa". Dawa yake ni kuiwekea l inayodondoka alama maalumu katika leksikoni. Baada ya hapo data za vitenzi vya asili hupita zote. Ugumu hujitokeza kwa vitenzi vya mkopo: "sahauliwa" na "dharauliwa" vina l, ingawa sahau na dharau havikurithiwa kutoka Kibantu. Kwa maelezo ya kwanza, navyo vitawekewa l ya ndani ambayo haina historia yoyote. Kwa maelezo ya pili vinapatikana bure, almuradi kanuni moja itangulie, inayoondoa irabu ya mwisho ya kitenzi cha mkopo ikifuata konsonanti: jibu hutoa "jibiwa", fikiri "fikiriwa", samehe "samehewa". Katika sahau irabu ya mwisho inafuata irabu nyingine, kwa hiyo haiondoki, na l huchopekwa.

Programu zote mbili hufaulu majaribio yale yale. Kinachozitofautisha ni idadi ya alama za pekee ambazo kila moja inahitaji katika leksikoni, na idadi hiyo huhesabika kwa amri moja. Kwa kipimo hicho maelezo ya pili ni bora kwa Kiswahili cha sasa, hata kama ya kwanza ni kweli kwa Kiswahili cha zamani. Mwanafunzi anaweza kuziweka zote mbili katika mafaili mawili ya kanuni na kumwambia make ajenge kwa hili au lile. Leksikoni ya viambishi haibadiliki.

7.0 Matini halisi na lahaja

Baada ya majaribio ya kutungwa, programu ipewe matini halisi, na maneno yote yaliyorudi na +? yapangwe kwa wingi wa kutokea kwake. Juu kabisa aghalabu huwa majina ya watu na mahali, yakifuatwa na mizizi iliyosahauliwa. Makosa ya chapa huwa chini, kila moja likitokea mara moja au mbili. Sehemu ya kati ndiyo yenye manufaa, na ndimo maumbo ya lahaja yalimo.

Lahaja ni kipimo kizuri cha mgawanyo uliofanywa. Kimvita husema -teka, -vunda na -tinda pale Kiswahili Sanifu kisemapo -cheka, -vunja na -chinja. Mtu angeweza kuandika kanuni ya sauti, ch kuwa t na nj kuwa nd, akaiweka mwishoni pamoja na kanuni nyingine. Matokeo yake ni kwamba "kinachosomwa" nacho kitageuka kuwa "*kinatosomwa", jambo ambalo Mmvita hatalikubali, kwani ch ya kirejeshi imetokana na ki- mbele ya irabu na haina uhusiano na ch ya -cheka. Kanuni hiyo basi inahusu mizizi peke yake, na mahali pake ni upande wa leksikoni, kabla viambishi havijaungwa. Ikikaa hapo, Kimvita hupatikana kwa kuongeza faili moja, na moduli ya -ku- pamoja na vichujio vya ukanushi hubaki bila kuguswa. Faili la majaribio la Kimvita lakini lazima liwe la peke yake: neno "anateka" lililoandikwa Mombasa lina uchanganuzi mmoja zaidi ya ule wa kuteka maji, na matarajio yaliyoandikwa kwa ajili ya Kiswahili Sanifu yangeuhesabu kuwa kosa.